Kahonzi na Mikeka ya Matanga

Siku Mwaro alipomwona Kahonzi kwa mara ya kwanza, alimwona kutoka juu, na alidhani amekufa.

Mwaro alikuwa fundi wa makuti. Asubuhi hiyo alikuwa amepanda paa la banda la kulia chakula la shule moja ya Ganda, upande ule ambao upepo wa kusi ulikuwa umeuchana. Alipobandua safu ya makuti yaliyooza na mwanga ukapenya, alichungulia chini asije akamwangushia mtu uchafu. Akaona watoto. Walikuwa wamelala chali juu ya saruji, mstari baada ya mstari, mikono kando, macho yamefumbwa, na hakuna aliyekuwa akimchokoza mwenzake. Mbele yao amelala mwanamke mwembamba, suruali pana, leso imefungwa kichwani, viganja vimetazama juu.

Alifikiria githeri, mahindi na maharagwe ya shule, akafikiria sumu ya panya. Alitaka kupiga ukelele, lakini Mwaro hakuwa mtu wa kupiga ukelele. Utingo akimpitisha kituo chake, alinyamaza akashuka cha mbele na kurudi kwa miguu. Basi aling'ang'ania boriti, mdomo wazi, na kipande cha kuti kikamponyoka mkononi, kikashuka kikizunguka hewani, kikatua juu ya tumbo la yule mwanamke.

Mwanamke hakushtuka. Alifumbua jicho moja.

"Fundi," alisema, bila kuinua kichwa, "ukianguka wewe mwenyewe, tuarifu mapema tukupishe."

Watoto wakafumbua macho, wakaliona lile tundu na uso wa Mwaro ukining'inia ndani yake kama taa, na kicheko kikapasuka banda zima. Mwaro alirudisha kichwa nyuma haraka kuliko kobe. Lakini kabla ya kukirudisha alikuwa ameshaona jambo moja. Katika mstari wa tatu alilala binti yake, Kabibi, na Kabibi hakuwa akicheka. Alikuwa bado amefumba macho, uso umelegea, kama alivyokuwa akilala zamani mgongoni mwa mamake.

Uso ule Mwaro alikuwa hajauona kwa muda mrefu.

Kabibi alikuwa na miaka kumi na mitatu, gredi ya saba. Mamake alikuwa Mombasa akifanya kazi za nyumba, akirudi sikukuu hadi sikukuu, kwa hiyo baba na binti waliishi wawili, na katika nyumba hiyo maneno yalikuwa machache kama nyama. Siku moja Mwaro akifua sare ya shule, mfuko wa sketi ulimtolea majani. Majani machanga ya muguka, yale ya kutafuna na kulewesha, yamefungwa kwenye karatasi ya plastiki pamoja na peremende ya bazoka. Alijua yalikotoka. Kila penye msiba kulikuwa na matanga, na kila penye matanga kulikuwa na muziki na wauzaji wa muguka na vijana wa kila umri, na watoto walikuwa wakienda kulia wakarudi wakitafuna. Tangu hapo akawa anamwona binti yake kwa macho mengine: hapati usingizi, anajibu kwa ukali, vidole vinacheza, chakula anakisukuma. Mwaro aliyaweka yale majani juu ya meza akamngoja Kabibi aseme. Kabibi aliyaona, akatoka. Na Mwaro, ambaye angeweza kulifunika jumba la ghorofa mbili lisivuje tone, hakujua neno la kuanzia.

Mchana wa siku ile ya kuti, yule mwanamke alikuja na bakuli mbili za maharagwe akasimama chini ya ngazi.

"Fundi, shuka ule. Hakuna anayekucheka tena, wamerudi darasani."

Mwaro alishuka. Walikula wameketi juu ya rundo la makuti mapya, na mwanamke ndiye aliyezungumza.

Kahonzi alikuwa mzaliwa wa hapohapo Ganda, lakini ujana wake ulikwenda Malindi mjini, akitandika vitanda katika hoteli moja ya ufukweni. Kulikuwa na bibi wa Kiitaliano, nywele nyeupe tupu, aliyekuja kila msimu, na kila asubuhi alitandika mkeka wake barazani akajikunja kama pweza. Kahonzi akifagia alimtazama. Bibi akamwita. Kahonzi akauegemeza ufagio ukutani. Ikawa hivyo msimu baada ya msimu, hata akajua kusimama kwa mguu mmoja huku akikunja mashuka. Hoteli ilipofungwa, wafanyakazi wenzake waliondoka na taulo na vijiko. Kahonzi akaondoka na yoga.

"Sasa asubuhi nauza viazi karai pale kituoni," alisema, "na Jumanne na Alhamisi nipo hapa. Mwalimu mkuu alinikubalia. Alisema nisilete uganga wala nisivunje mtoto mguu."

Mwaro aliitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba amesikia.

"Huniulizi kwa nini?"

Mwaro alitafuna maharagwe. Hakuwa mtu wa kuuliza.

"Basi nitakwambia bila kuulizwa. Nilikuwa na mdogo wangu, Dena. Alikuwa akitembeza watalii ufukweni, mcheshi, Kiitaliano kama maji. Alianza na sigara ya kuazima, akaenda kwenye bangi, akaishia kwenye unga, na unga ukammaliza. Hakuwa mbaya, baba. Kila alichopewa alikipokea, basi. Mkono wa mtu ukinyooka, mdomo wake ulikuwa umeshafunguka. Hakuna aliyewahi kumfundisha kungoja." Alifuta bakuli kwa kidole. "Mimi siahidi muujiza. Wahubiri wa viwanjani wanaahidi muujiza, mimi sina spika. Nataka watoto hawa wapate pumzi moja pale kati, kati ya mkono na mdomo. Moja tu. Mtu akivuta pumzi moja hukumbuka jina lake."

Mwaro aliweka kijiko chini. Alikuwa ameyashika yale maneno kama mtu aliyeshika ngazi.

"Kabibi ni wangu," alisema.

"Najua. Ana masikio yako."

Akajaribu kuendelea. Kahonzi akamsaidia.

"Sikumuuliza anatafuna nini, na wewe usimuulize mbele ya watu. Mwache aje tu. Ila nina shida moja, Baba Kabibi. Umeona wanavyolala juu ya saruji. Kiuno kinawauma, na anayeumwa hatulii. Humjui mtu mwenye mikeka?"

Mwaro alimjua. Alikuwa yeye. Mtaa wao ulikuwa na kikundi cha kufa na kuzikana, kama mitaa yote: sufuria kubwa, turubai, na mikeka ya kukaliwa na waliofiwa. Mikeka hiyo iliwekwa kwa Mwaro kwa sababu nyumba yake ndiyo isiyovuja. Na sheria ya kikundi ilikuwa moja, wala haikuandikwa popote kwa maana hakuna aliyedhani itavunjwa: mikeka ya matanga haitoki mpaka mtu afe. Anayeitandika bila msiba anauita.

Mwaro alifungua kinywa kuyaeleza hayo yote. Yalikuwa mengi mno. Kilichotoka ni neno moja.

"Ipo."

Tangu wiki ile, kila Jumanne na Alhamisi, Mwaro aliifunga mikeka nyuma ya baiskeli alfajiri akaipeleka shuleni, na jioni akairudisha. Paa lilipomalizika aliendelea kuja, akisema kuna pembe moja anataka kuitazama. Alikuwa akiketi nje ya banda, mgongo kwa nguzo, akisuka kamba za usumba wa nazi na kusikiliza.

"Piano piano!" Kahonzi angesema, yale maneno ya Kiitaliano ya polepole ambayo Malindi hata muuza machungwa anayajua. "Pumzi si maji ya mfereji kwamba yatakatwa. Vuta. Zuia. Sasa iache itoke, usiifukuze. Wewe Eugene, nimesema tumbo, sikusema mashavu, unataka kupuliza puto la nani?"

Akawasimamisha kama mti, akawainamisha kama mbwa anayejinyoosha. Kila mmoja alichorewa alama za miguu kwa chaki juu ya mkeka ili ajue pa kusimama, na vumbi la chaki likashika kwenye ukili. Mwishoni wakilala chali, Kahonzi alikuwa akisema, kama yule bibi alivyokuwa akimwambia, "Sasa tulale kama maiti." Watoto walipenda sana. Walirudi nyumbani wakiwaambia wazazi wao, "Leo tumekuwa maiti!"

Kabibi hakubadilika kama taa inavyowashwa. Alhamisi moja hakuonekana, na Mwaro alimkuta kituoni na wasichana wengine, shavu limevimba kwa muguka. Alisimama ng'ambo ya barabara na baiskeli yake, hakuvuka. Lakini Jumanne Kabibi alikuwa mstari wa tatu. Kahonzi hakumuuliza alikuwa wapi. Alimwambia tu, "Mguu wako unakungoja hapa," akamwonyesha alama yake ya chaki. Polepole msichana akaanza kulala usiku. Jioni moja aliomba kuongezwa ugali, na Mwaro aligeuka dirishani akajifanya anatazama mbuzi.

Kisha Hawe Pola akafa.

Alikuwa bibi wa watu wengi, mkongwe aliyewazika rika lake lote. Alilala kitandani mwake akiwa ameshiba, hakuamka. Kikundi kikaja kwa Mwaro kuchukua vifaa, na mbele yao Mzee Fondo, mwenyekiti, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe waliovuka bonde. Mikeka ilipotandikwa uani kwa marehemu, ukili ukaonyesha alama nyeupe za miguu midogo, jozi kwa jozi, kila mkeka.

Waliokuwa wakitaka kuketi wakasimama.

"Mwaro," alisema Mzee Fondo. "Mikeka hii imechezewa densi?"

Mwaro alitazama vidole vyake vya miguu.

"Mwenehu, nakuuliza kama ndugu. Nani amesimama juu ya mikeka ya maiti?"

"Ni sisi, babu," akasema Kabibi kutoka upande wa wanawake. "Ni ya yoga."

"Ya nini?"

"Yoga. Tunasimama, halafu tunalala kama maiti."

Habari hiyo haikuhitaji baiskeli. Kabla chai haijaiva ilikuwa imefika barabarani: Kahonzi wa viazi amewalaza watoto kama maiti, juu ya mikeka ya maiti, na siku chache baadaye Hawe Pola amekufa. Mwanamke mmoja akauliza kama Hawe Pola, kwa umri wake, alikuwa akingoja yoga ndipo afe. Wakamwambia anyamaze, huu ni msiba.

Alasiri ya mazishi, baada ya kaburi kufunikwa, Mwaro alitumwa kupasua kuni nyuma ya jiko. Alikuwa ameinama nyuma ya rundo la magogo aliposikia sauti za wasichana upande wa pili. Akachungulia katikati ya magogo. Walikuwa watatu, na Kabibi wa nne. Mkubwa wao alikuwa na karatasi ya plastiki mkononi.

"Chukua, mwali wa yoga. Au siku hizi umeokoka?"

"Sijaokoka," Kabibi alisema. "Nimeshiba pilau."

"Ati pilau! Muguka ni chakula? Chukua bwana, usijifanye. Zamani ulikuwa unaniomba mimi."

Mkono ulinyooka, majani juu ya kiganja. Mwaro aliacha kupumua. Na hapo, katika ile nafasi ndogo, aliona mabega ya binti yake yakishuka. Aliona pua zikitanuka, kifua kikiinuka taratibu, kikashuka. Pumzi moja. Hakuna aliyeiona isipokuwa baba yake.

"Nikitaka nitakuomba," Kabibi alisema. "Sitaki."

"Oo! Basi tuonyeshe huo mti wako, tuone kama una matunda."

Kabibi akainua mguu mmoja, akauegemeza kwenye goti la pili, akanyoosha mikono juu. Akasimama. Wasichana wakacheka, kisha mmoja akajaribu, akayumba, akamshika mwenzake, wakaanguka wote wawili juu ya maganda ya nazi, na yule mkubwa akajaribu naye akaangukia kwenye sufuria tupu iliyolia kama kengele ya kanisa. Mpishi akawatimua wote kwa mwiko. Muguka ulimwagika mchangani.

Mwaro alibaki na gogo mikononi, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ashike.

Wiki iliyofuata, mwalimu mkuu aliitisha kikao cha wazazi katika lile lile banda. Mwalimu Kioko alikuwa mtu wa Kitui, mpole, mwenye kufuta miwani yake kila anapoona shida inakuja, na siku hiyo aliifuta tangu mwanzo. Mikeka ililetwa ikaegemezwa ukutani kama mshtakiwa.

"Mimi ni mgeni wenu hapa," alisema. "Haya mazoezi nimeona yakisaidia. Watoto wanaingia darasani wametulia. Lakini hawa ni watoto wenu. Wazazi mkisema hapana, basi leo tunafunga, na Mwalimu Kahonzi tutamshukuru."

Mmoja akasema yoga ni dini ya watu wengine. Kahonzi akamjibu kwamba yeye mwenyewe Jumapili huimba kwaya, na katika watoto wake wamo wa msikiti na wa kanisa na wa mila za wazee wa kaya, na pumzi zao zote zinaingilia puani. Watu wakacheka kidogo. Lakini Mzee Fondo aliposimama, kicheko kikakauka.

"Dini sina neno nayo," alisema. "Neno langu ni mikeka. Mama Kahonzi, wewe ni mtoto wa hapa. Unalaza watoto chali juu ya mkeka wa msiba, unawaita maiti. Hivi mji ulikupotezea akili yote?"

Kahonzi alisimama. "Shikamoo, mzee. Ile mikeka sikujua ni ya matanga, na nilipaswa kuuliza. Kosa ni langu. Na lile jina nililichukua kwa mgeni nikalileta nyumbani bila kulipekua. Hilo pia ni langu. Lakini msiwafungie watoto mlango kwa kosa langu."

"Marahaba. Umejibu vizuri. Lakini kilichofanyika kimefanyika." Mzee Fondo akawageukia watu na kuachia ile sauti ya ng'ombe. "Nawauliza! Nani hapa, mtu mzima mwenye akili zake, anayeweza kulala chali juu ya mkeka wa matanga mchana kweupe, kisha ainuke aende kwake akale? Nani? Basi mbona tuwalaze watoto?"

Watu walitazama chini. Mwalimu Kioko alishika miwani, na ilionekana wazi kwamba akiivaa atatamka kufunga. Kabibi alikuwa amesimama dirishani na wenzake, ameshika nondo kwa mikono miwili.

Mwaro akainuka.

Watu waligeuka wakidhani atasema, na waliomjua wakashangaa. Hakusema. Alikwenda ukutani, akachukua mkeka mmoja, akautandika katikati ya banda, akavua ndara akazipanga kando. Kisha akalala chali, kofia juu ya kifua, akafumba macho.

Wanawake wakapiga mayowe. Mmoja akatoka nje kabisa. "Mwaro! Wazimu! Inuka!" Lakini Mwaro hakuinuka, kwa maana kufumba macho ndiko kulikomwezesha kuwa mbele za watu.

Kahonzi akaja akapiga magoti kichwani kwake. Alisema taratibu, lakini banda zima lilimsikia.

"Baba Kabibi, ondoa kofia. Viganja vitazame juu. Hivyo. Piano piano. Vuta pumzi mpaka tumboni. Iache itoke, usiifukuze."

Mwaro alivuta. Ya kwanza iliishia kifuani. Ya pili ikashuka kidogo. Mayowe yakawa minong'ono, minong'ono ikawa kimya, kwa maana watu walitaka kuona anakufa saa ngapi. Wakamwona mtu ambaye tangu matanga hakuwa amelala usingizi wa kushiba akilegea mguu, akilegea taya. Na katika kimya hicho, chini ya makuti aliyoyafunga kwa mikono yake, Mwaro akakoroma.

Alikoroma mara moja, kwa nguvu, akashtuka mwenyewe.

"Ala!" akasema Mzee Fondo, kabla hajajizuia. "Maiti hakoromi!"

Banda likaripuka. Watu walicheka mpaka wakashikana. Yule mwanamke aliyetoka nje alirudi kuuliza kumetokea nini, na alipoambiwa akaketi chini. Mzee Fondo mwenyewe alicheka hadi akaazima leso ya kufutia macho.

Mwaro akaketi juu ya mkeka. Masikio yalikuwa yakimwaka moto. Lakini alikuwa ameshalala mbele ya watu wote na kukoroma, na baada ya hapo hakukuwa tena na aibu iliyobaki ya kuogopa.

"Binti yangu alifundishwa kutafuna muguka matangani," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na watu wakanyamaza ili waipate. "Juu ya mikeka hii hii. Sisi tukiwa tumeketi hapo hapo, tunakunywa chai. Wakati ule hakuna aliyeitisha kikao." "Juzi kwa Hawe Pola alipewa tena. Nilikuwa nyuma ya kuni. Akavuta pumzi, akakataa. Nimeona kwa macho yangu. Nani alimfundisha? Si mimi. Mimi siwezi hata kusema. Basi."

Akatafuta ndara zake, akazivaa, mguu wa kushoto kulia na wa kulia kushoto, akaketi mahali pake.

Wengi mle ndani walikuwa na mtoto, na karibu kila mzazi alikuwa na mfuko aliowahi kuukuta na majani.

Mzee Fondo alikohoa. "Mikeka ya matanga itarudi kwenye matanga," alisema. "Hilo halina mjadala. Atakayeitoa tena namtoza mbuzi, hata awe Mwaro. Wake zetu watawasukia watoto mikeka yao, miyaa iko tele, na mikono wanayo. Mama Kahonzi, lile jina lifute. Mtoto alale kama mtoto."

"Limefutwa, mzee."

"Na jambo la tatu." Akatazama vijana waliokuwa wamesimama mlangoni. "Kikundi hiki kikiweka turubai, muuza muguka asionekane karibu na turubai. Nitamfukuza mimi. Mnaijua sauti yangu."

"Tunaijua!" wakajibu, na kicheko kikaanza upya.

Mwalimu Kioko alivaa miwani yake. "Basi tunaendelea Alhamisi," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu.

Mikeka mipya ilisukwa kabla ya muhula kwisha, na kila mama alitia rangi yake ukingoni, mmoja zambarau, mwingine kijani, kwa hiyo mtoto aliweza kusimama juu ya kazi ya mkono wa mamake. Wa Kabibi ulisukwa na mamake aliporudi sikukuu, huku amekaa mlangoni akisimuliwa habari za yule maiti aliyekoroma, akicheka na kumtazama mumewe kama mtu anayetambulishwa kwake. Wapo waliorudi kwenye muguka, Kahonzi hakuficha. Aliwafuata kituoni na viazi vyake, akawaketisha kando ya karai, hakuwahubiria. Baadhi walirejea. Kabibi hakukosa tena. Mwaka uliofuata ndiye aliyekuwa akiwapanga wadogo wa gredi ya saba na kuwaambia watoe pumzi tumboni, si mashavuni.

Ndipo shule za Gongoni zikasikia. Kule kwenye mashamba ya chumvi, watoto wa vibarua walikuwa wakianza kutafuna wakiwa wadogo kuliko wa Ganda, na wazazi wakamtumia Kahonzi ujumbe: chumba kipo, banda lipo, mikeka wataisuka wenyewe. Aliwatangazia watoto Alhamisi kwamba anahamia huko, akawaachia walie na kucheka, kisha akawasimamisha kama kawaida.

Asubuhi aliyoondoka, Mwaro alikwenda kituoni. Pikipiki ilikuwa tayari, karai limefungwa nyuma, begi juu ya karai. Alikuwa amejitayarishia maneno njia nzima, maneno ya shukrani, mazuri, akiyarudia rudia kwa mpigo wa pedali. Alipofika yalikuwa yameisha.

"Mwalimu mkuu anataka mtu mzima akae na watoto," alisema badala yake. "Wakati wa mazoezi. Amenitaja mimi."

"Ni mimi niliyekutaja."

"Mimi sijui kufundisha."

"Kabibi anajua. Wewe utakaa pale waone kuna mtu anayengoja nao." Alipanda pikipiki, akakusanya leso yake isiingie kwenye gurudumu. Dereva akawasha. Mwaro aliinua mkono nusu, kama alivyozoea, kisha akauinua wote.

Kahonzi aligeuka akiwa tayari anakwenda, akapaza sauti juu ya mngurumo.

"Jumanne msikose, Baba Kabibi! Hata siku utakayokuta wamekuja watatu tu, tandikeni mikeka yote, asiyekuja ajue wake unamngoja."